Kangaruu wa kilo moja na nusu

Najua nimepotea. Wiki hizi mbili ripoti za maabara zimenikaba, na Ijumaa na Jumamosi naosha vyombo mgahawani mpaka saa sita za usiku, kwa hiyo hata kufungua ukurasa huu ilikuwa shida. Lakini jamani meseji zenu nimezisoma zote. Kila mtu anauliza swali lile lile tangu nifike Perth: "Umeshaona kangaruu? Tuma picha!"

Nimeona. Ila leo sizungumzii yule mnayemjua, yule anayesimama kama bondia kwenye kalenda. Yule ni kangaruu mwekundu, dume lake linafika kilo 85, yupo kwenye nembo ya taifa hapa Australia, na wenzake wapo kwenye sarafu ya dola moja. Nyama ya hao wakubwa inauzwa hata supamaketi. Mama aliponisikia nasema hivyo kwenye simu alishtuka: "Kwani analiwa?" Analiwa mama, na anafanana kidogo na nyama ya porini ya kule kwetu. Basi tumalizane na mkubwa hapo.

Leo nataka mwajue wadogo. Ukoo wa kangaruu una aina zaidi ya 60, Australia pamoja na kisiwa cha Guinea Mpya, na wengi wao ukiwapanga mstarini hawafiki hata goti lako. Na nilichokuja kugundua ni kwamba ukitaka kujua mnyama kama hawa ataishi au atakufa, uliza maswali mawili tu: anakaa wapi na anakula nini.

Tuanze na mdogo kuliko wote. Huyu uzito wake ni kama nusu kilo, paketi moja ya sukari ndogo hivi. Anaishi kwenye misitu ya mvua kaskazini mashariki mwa Queensland, upande wa pili kabisa wa nchi hii ukitokea huku kwetu Perth. Wengi wa ndugu zake wanatoka usiku, yeye anatembea mchana. Ndugu zake wanaruka kwa miguu miwili, yeye anakimbia kwa miguu yote minne. Kangaruu wengine huzaa mtoto mmoja, yeye mara nyingi mapacha. Chakula chake ni matunda yaliyoanguka chini, uyoga na wadudu. Mbegu nyingine anazifukia huku na huku kama akiba, nyingine anazisahau, na hapo mti mpya unaota. Yaani msitu unamtegemea mnyama ambaye watalii wengi wanapita wakidhani ni panya.

Kule Kimberley, kaskazini magharibi, kuna mwingine anaitwa monjoni, kilo moja na kidogo, anaishi kwenye majabali. Ukimwona anavyorukia mawe jioni unaweza kuapa ni pimbi wa Serengeti aliyepata mkia mrefu. Yeye ni wa nyasi na majani. Halafu wapo wanaopanda miti kabisa na kula majani huko juu, ingawa hao wana mwili kidogo. Kila mmoja na mtaa wake, kila mmoja na msosi wake.

Sasa tuje huku kwetu magharibi. Mwenye jina hapa ni kwoka. Bila shaka mmemwona kwenye simu zenu, yule mnyama anayeonekana kama anacheka, kila mtu maarufu anapiga naye selfi. Mwaka 2017 hata Roger Federer alipiga. Kwoka ana kilo tatu hadi nne hivi, na wengi wao wanaishi Rottnest, kisiwa kilicho kama kilometa 18 kutoka bandari ya Fremantle. Watu wa asili wa huku, Wanoongar, wanakiita Wadjemup. Mwaka 1696 nahodha Mholanzi Willem de Vlamingh alifika, akaona hawa wanyama wamejaa, akadhani ni mapanya makubwa, akakipa kisiwa jina lenye maana ya kiota cha panya. Jina likaganda mpaka leo. Kwa hiyo tabia ya kumwita kangaruu mdogo "panya" haijaanza na washkaji zangu, ina zaidi ya miaka 300.

Kwoka anakula nyasi, majani na vichipukizi, na anaweza hata kupanda kichaka kidogo akiona majani mazuri juu. Tumbo lake ni kitu cha ajabu. Miaka ya 1950 watafiti wa hapa Perth walionyesha kwamba anamenya chakula kwa namna inayokaribia ya ng'ombe: majani yanachachuliwa kwanza na vijidudu sehemu ya mbele ya tumbo, ndo yanaendelea mbele. Ng'ombe wa kilo tatu, fikiria. Mchana analala kivulini, jioni anatoka kula. Wanaokwenda na feri wanakatazwa kumlisha na kumgusa, na faini ipo. Mkate wa mtalii siyo chakula chake hata kama anaupokea kwa mikono miwili kama mgeni mwenye adabu.

Lakini mnajua kwa nini kwoka amejaa kisiwani, na bara amebaki kwenye vipande vipande vya msitu na vichaka vya mabondeni? Kisiwani hakuna mbweha. Hakuna paka wa porini. Basi. Hiyo ndo siri yote ya lile tabasamu.

Hapo ndipo hadithi inapokuwa chungu. Kabla ya Wazungu kuhamia nchi hii mwaka 1788 hapakuwa na paka wala mbweha. Paka walikuja na meli. Mbweha wekundu waliletwa karne ya 19 ili mabwana wapate cha kuwinda kwa farasi na mbwa, kama walivyozoea kwao Uingereza. Wakasambaa bara karibu lote. Tangu hapo Australia imepoteza zaidi ya aina 30 za mamalia moja kwa moja.

Na siyo kwamba kila mnyama aliumia sawasawa. Mwaka 1989 watafiti wawili, Burbidge na McKenzie, walipanga mamalia wa huku kwa uzito wakaona jambo. Waliopungua na kutoweka zaidi ni wale wa kati, kuanzia gramu 35 hadi kilo 5 na nusu. Mdogo kabisa anaweza kujipenyeza kwenye ufa, na anazaa haraka. Mkubwa anaweza kukimbia mbali au kupiga teke. Wa kati ni mkubwa mno kujificha na mdogo mno kupigana. Kwa mbweha yeye ni sahani iliyopakuliwa tayari.

Niliposoma hiyo nilikaa kimya kidogo. Wale niliosoma nao Tanzania mtanielewa. Kuna wenzetu ambao nyumbani walionekana wana hela nyingi mno kupewa mkopo, lakini ada yenyewe hawana. Mkubwa anajilipia, mdogo anasaidiwa, wa kati anakopa kwa shangazi. Haya, turudi porini.

Mwezi uliopita darasa letu lilikwenda Dryandra, msitu ulio kama saa mbili kwa gari kusini mashariki mwa Perth. Mnaotoka Njombe na Lushoto msinicheke, baridi ya kule usiku ni ya kuvaa jaketi mbili. Pana sehemu imezungushiwa uzio mrefu kuzuia mbweha na paka, panaitwa Barna Mia. Mnaingia giza likishashika, mna tochi za mwanga mwekundu ili msiwasumbue wenyeji, na mnakatazwa kelele. Mshkaji wangu Mkenya tunayekaa hosteli moja aliomba kuja kutalii. Tukakaa. Kwanza kimya. Halafu pembeni tukasikia kwaru kwaru kwaru, mtu anachimba.

Alikuwa woili. Kilo moja na kidogo, hazidi sana kilo moja na nusu, mgongo umekunjika kama mzee anayetafuta sindano, mkia mrefu una kishungi cheusi mwishoni. Mkia huo anauviringisha kubebea majani ya kutandikia kiota. Nyasi za pembeni hakuziangalia. Alinusa, akachimba kwa kucha za mbele, akatoa kitu, akala, akasogea hatua mbili, akachimba tena. Mshkaji akaninong'oneza: "Yaani umevuka bahari nzima kuja kusoma panya?"

Sikumjibu pale kwa sababu tulikatazwa kuongea. Namjibu leo.

Anachochimba woili ni uyoga unaokaa chini ya udongo. Uyoga huu hautoi mwavuli juu kama ule tunaookota kwetu masika. Unakaa shimoni umejishikiza na mizizi ya miti, unausaidia mti kupata maji na virutubisho, mti nao unaulipa kwa sukari. Tatizo lake ni moja: ukiwa chini ya ardhi, upepo haukufikii, mbegu zako utazisambazaje? Ndo hapo woili anapoingia. Anaunusa, anaula, anatembea, anajisaidia mbali kule, na zile chembe za uzazi zinatoka nzima tayari kuanza maisha mapya kwenye mzizi mwingine. Pia anapenda mbegu za msandali. Anazifukia kama akiba, anazosahau zinaota. Kwa hiyo nyuma ya baadhi ya misandali ya huku, ule mti ambao harufu yake bibi zetu wa pwani wanaijua vizuri, kuna woili mmoja msahaulifu.

Bado hatujafika kwenye udongo. Udongo wa huku kiangazi unakuwa mkavu mpaka maji ya mvua ya kwanza yanateleza juu kama yamemwagwa kwenye nailoni. Mashimo ya woili yanayapa maji mahali pa kuingilia, yanakusanya majani makavu, yanaozesha, yanakuwa mbolea. Inakadiriwa woili mmoja anaweza kugeuza karibu tani 5 za udongo kwa mwaka. Mnyama wa kilo moja na nusu! Hana jembe, hana posho. Anatafuta chakula tu, na katika kutafuta chakula analima msitu.

Sasa fikirieni kwamba zamani woili alienea sehemu kubwa ya kusini mwa Australia, na leo porini kabisa, bila uzio, amebaki kwenye vipande vichache vya kusini magharibi. Tani ngapi za udongo hazijageuzwa kwa miaka 100?

Pale Dryandra tulimwona na jirani yake. Anaitwa budi. Ndiyo, budi, na sisi wa Kiswahili wawili tuliokuwepo tulicheka mpaka mwongozaji akatutazama vibaya. Huyu ndiye pekee katika ukoo mzima anayeishi kwenye mashimo anayochimba ardhini, kijiji kizima kwa pamoja. Anakula mizizi, mbegu, uyoga, matunda, hata mchwa. Zamani alikuwa karibu kila mahali kwenye nchi kavu za bara. Wakulima wakamwekea sumu, sungura wa Ulaya wakamnyang'anya chakula, mbweha na paka wakamalizia. Kufika katikati ya karne ya 20 bara lote alikuwa ameisha, amebaki visiwani tu. Hakuwa na budi, kweli kweli. Wanaoonekana bara leo ni waliorudishwa nyuma ya uzio.

Mwingine ni mala, wa jangwani, anayekula majani, nyasi na mbegu na kujificha chini ya mafungu ya nyasi za miba. Wenyeji wa jangwa walikuwa wanachoma nyika kidogo kidogo, kipande leo kipande mwakani, kwa hiyo mala alikuwa na machipukizi ya kula hapa na kichaka cha kujificha pale. Watu wale walipoondolewa kwenye ardhi yao nyasi zikarundikana, moto ukija unafagia kila kitu. Makundi mawili ya mwisho porini yalikuwa jangwa la Tanami. Moja lilimalizwa na mbweha mmoja mwaka 1987. Mbweha mmoja! La pili liliungua mwaka 1991. Mala wapo leo kwa sababu wengine walikuwa wamebaki kwenye visiwa vya Bernier na Dorre, na wengine walikuwa wameshahifadhiwa kwa ajili ya kuzalishwa. Na kuna kangaruu-panya wa jangwani ambaye hakuwa na kisiwa. Alionekana kwa uhakika mara ya mwisho mwaka 1935. Tumebaki na ngozi na mifupa kwenye makabati ya makumbusho.

Mtaniuliza, sasa woili amebakije huku kusini magharibi wakati kwingine kote ameisha? Jibu limo kwenye chakula tena, na hili ndo linanifurahisha kuliko yote. Porini huku kuna mimea ya asili yenye sumu kali ndani yake. Woili na ndugu zake wamekula kwenye mimea hiyo kwa maelfu ya miaka mpaka miili yao imeizoea. Mbweha ni mgeni, hajaizoea. Sumu hiyo hiyo ikitengenezwa kiwandani inaitwa 1080. Mwaka 1996 serikali ya jimbo ilianza mpango mkubwa wa kutega nyama yenye 1080 porini. Mbweha anakula, anakufa. Woili anaendelea na shughuli zake.

Woili wakaongezeka mpaka mwaka huo huo wa 1996 wakatolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Watu wakapongezana. Halafu kati ya 1999 na 2006 wakaporomoka kwa karibu asilimia 90. Paka ni miongoni mwa washukiwa wakubwa, maana paka anapenda nyama aliyoiua mwenyewe kuliko chambo. Woili akarudishwa kwenye orodha. Mnaona jinsi sherehe inavyoweza kuwahi?

Ndo maana hesabu ya mashimo ina maana. Shimo ni alama kwamba kazi inafanyika. Mwisho wa wiki hii natakiwa niandike mada ya utafiti wangu wa mwaka wa mwisho, na mezani nina mbili. Moja ni kangaruu wakubwa na ajali za barabarani: takwimu zipo, gari lipo, unafanya kazi mchana kama mtu mstaarabu. Nyingine ni mashimo ya woili: usiku, baridi, kutambaa na futi kamba. Kwenye grupu letu kura zilikuwa saba kwa moja, na hiyo moja ni yangu. Anko wangu alisema wazi, "Soma wakubwa, ukirudi watu wataelewa ulichosomea." Namheshimu anko. Lakini ajali za wakubwa zina watu wengi wa kuziandika. Nimeshamwambia msimamizi wangu: nachukua mashimo.

Kilichonipa moyo ni mwanafunzi mwenzetu wa zamani. Desemba 1994, Elizabeth Sinclair alikuwa anafanya utafiti wake wa kwoka karibu na mji wa Albany, kusini. Ametega mitego ya kwoka, asubuhi ndani ya mtego kuna mnyama mwingine, ana pua ndefu, uzito kama kilo moja. Alikuwa potoruu wa Gilbert, ambaye kwa zaidi ya miaka 100 watu waliamini ameshatoweka duniani. Huyo karibu chakula chake chote ni uyoga wa chini ya ardhi. Alikuwa amejificha kwenye vichaka vizito vya ghuba moja, wachache sana, kimya. Kuanzia 2005 baadhi yao walihamishiwa kisiwa cha Bald, na ni bora ilifanyika, maana Novemba 2015 moto uliunguza sehemu kubwa sana ya makazi yao ya bara. Mnyama mzima, aina nzima, amebaki hai kwa sababu ya kichaka, kisiwa, na mtu aliyefungua mtego wa kitu kingine akaangalia vizuri kilichomo.

Na mshkaji wangu, kuhusu panya: panya buku wa Morogoro ana uzito karibu sawa na woili, na ndiye anayenusa mabomu ya ardhini yaliyoshinda mashine. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Kwa hiyo ukiniita mtu wa panya, nakushukuru.

Mwezi Agosti 2021 woili 40 walipelekwa rasi ya Yorke, Australia Kusini, mahali ambapo hawakuonekana kwa zaidi ya miaka 100. Wenyeji wa pale, Wanarungga, wana jina lao kwa mnyama huyu, wanamwita yalgiri. Jina lilikuwa limehifadhiwa midomoni wakati mnyama hayupo. Kwa hiyo naomba msaada wenu. Kwenu kijijini, nani anachimba usiku? Nani anafukia mbegu na kusahau? Ulizeni bibi na babu jina lake kwa lugha ya kwenu, kabla hatujafika mahali pa kubaki na jina peke yake. Niandikieni.

Nalala, kesho nina kipindi saa mbili asubuhi. Tuko pamoja.